Mwenye Pepo Hatoki Jasho

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Kamwokya, hakuna aliyenishinda kusali nikiwa nimefumba jicho moja. Watakatifu wanafumba mawili, mimi napepesa huku na huku kama polisi wa trafiki. Ndiyo maana niliona yote, na ndiyo maana nasimulia mimi, si wale waliosoma.

Serikali ya wanajeshi ilikuwa imepiga marufuku makanisa kama letu, kwa hiyo tulisali nyumbani kwetu Jumapili mchana, redio ikilia dirishani ili nyimbo zetu zisisikike nje. Baba, fundi cherehani kutoka Kenya, ndiye aliyeongoza. Lakini aliyeogopwa hasa ni Mama Eseza, mwenye karama ya kupambanua roho. Akikukazia macho, unakumbuka hata sukari uliyoilamba mwaka juzi.

Jumapili hiyo aliingia askari tusiyemjua, mtu wa kaskazini, bila kofia wala bunduki. Alisimama mlangoni akitetemeka. Baba alipotaja jina la Yesu, akatetemeka zaidi, meno yakagongana.

"Ana pepo," Mama Eseza akasema.

Basi, imekwisha. Wanaume wawili wakamshika mikono, Baba akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Tokeni!" askari akasema. "Tokeni hapa, wanakuja!"

"Mnalisikia? Linatufukuza kwenye maombi!" Mama Eseza akapaza sauti. "Toka wewe! Mko wangapi humo?"

"Wengi! Wana magari! Mama, nisikilize..."

"Mama yako nani, mwongo mkubwa?"

Mimi nikacheka. Mtu mzima na viatu vyake vya jeshi, anafokewa kama kuku aliyeingia jikoni.

Jaja, bibi yangu mzaa mama, alikuwa kwenye mkeka akimenya matoke. Hakuwa ameokoka, walokole walimvumilia kwa sababu ndiye aliyewapikia. Aliinuka polepole, akapitisha mkono mgongoni mwa yule askari, akautazama mkono wake.

"Huyu hapana pepo," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kwetu mtu ya pepo hatoki jasho, iko mukavu kama jiwe. Huyu shati yote imelowa. Huyu anaogopa. Mumuulize anaogopa nini."

"Jaja, hayo ni mambo ya giza," Baba akamjibu kwa upole. "Tumwachie mwenye karama."

Jaja alinishika sikio. "Wee musichana wa jicho moja, twende tuchote maji."

Maji tulikuwa nayo, debe zima.

Tulikuwa hatujavuka migomba ya jirani magari yaliposimama mbele ya nyumba. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na askari yule alikuwa kijana, angeweza kuruka. Kutoka migombani niliona walivyomkuta bado ameshikwa mikono, kiganja cha Baba kikiwa juu ya paji lake. Wengine waliambiwa walale chini. Baba na yule askari wakatiwa kwenye buti la gari moja. Redio iliendelea kupiga muziki.

Hawakurudi. Sikulia, wala baadaye sikulia. Sijui kilio kilienda wapi. Jaja alimalizia kumenya matoke, tukala.

Mama Eseza bado yupo. Tukikutana ananisalimu, namwitikia. Natafuta hasira, sioni. Natafuta chochote, sioni.

Shule niliiacha darasa la tano na sijutii. Nauza mashati ya mitumba soko la Nakivubo, na katika mji huu wote hajazaliwa wa kunishinda kwa mashati. Wenzangu wanakagua kola. Mimi nageuza mgongo kwanza, napitisha kiganja. Ni mazoea tu, maana shati la mtumba ni kavu siku zote.

Kanisani sasa tunasali milango wazi. Mtu akianza kutetemeka, wenye karama wakaanza kukemea, mimi nasogea nyuma yake nimguse shati. Wananiita mpagani, na waniite. Likiwa limelowa, namwuliza sikioni anaogopa nini. Kisha nanyamaza mpaka ajibu. Mimi huyu, ninayeongea kutwa.