Jina la Mzee Bachal Kwenye Mstari wa Mwisho

Siamini bado kwamba Mzee Bachal hayupo. Wiki sita zimepita, na kila nikiingia kazini huku ughaibuni, mtaa wa Schuman, macho yanakwenda kwenye kiti chake pale reception.

Kwa msiomjua: alikuwa mlinzi wa jengo ninalofanya usafi, na alikuwa mshairi wa Kisindhi, mtu wa Pakistan.

Mnanijua na kushuku kwangu. Wiki ya kwanza nilimwona anaandika kwenye daftari kila tukiingia, nikasema huyu anaorodhesha wachelewaji ampelekee supervisor. Nikawa namsalimia kwa tabasamu la uongo.

Siku moja nikamuuliza anaandika nini. Akacheka mpaka badge ikacheza kifuani. Lilikuwa shairi la mwanamke anayemsubiri mumewe kisimani.

Nikashuku tena. Mwanamke yupi huyo? Akanieleza kwamba kwao mshairi mwanamume huweza kusema kwa sauti ya mwanamke, halafu mstari wa mwisho anataja jina lake la ushairi, ijulikane shairi ni la nani. Lake lilikuwa Kaang, yaani kunguru, anayeleta habari za mtu aliye mbali. Nikamwambia kwetu Tanga kunguru anaiba samaki. Alifurahi sana.

Nilipofanyiwa operesheni ya goti alinitumia lile la kisimani kwa voice note. Sikuelewa neno, lakini nililisikiliza kila asubuhi. Nikisikia Kaang, naanza mazoezi.

Alipofariki, bwana mmoja mshairi alikuja nyumbani kwa Mzee, mtaa wa Ganshoren, akalia kutushinda sote. Akampa pole Shabana, binti wa Mzee. Kabla hajauliza Mzee aliugua nini, akauliza madaftari yako wapi.

Hapo mimi nikashtuka. Lakini Shabana amezaliwa hapa, Kisindhi anakisikia, hakisomi. Akampa yote sita, eti akachape kitabu cha baba. Copy hakuna. Nilipomwonya alinuna, na nilimwelewa, alikuwa na msiba.

Jumamosi ilikuwa arobaini, tukakodi ukumbi. Baada ya kisomo na chakula yule bwana akasimama, akasema atasoma mashairi yake mapya kumuenzi rafiki. La tatu lilipoanza nikaweka sahani chini. Lilikuwa la kisimani, nalijua kwa mwendo wake. Nikasubiri Kaang.

Akataja jina lake mwenyewe. Watu wakamsifu.

Jamani, hasira! Nikatoa simu, nikafungua voice note, nikapandisha sauti hadi mwisho. Ukumbi mzima ukamsikia Mzee akisoma shairi lake, polepole, mpaka akajitaja.

Shabana akanishika mkono. "Tata, huyo ni papa," akasema, yaani shangazi, huyo ni baba.

Yule bwana akasema kurasa zilichanganyika tu. Akatoka. Shabana akamfuata mpaka kwenye gari, na mimi nyuma yake na goti langu. Kwenye buti tukakuta madaftari matano. La sita anadai hakupewa. Mimi nilikuwepo akipewa.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mkiona shairi la Kisindhi jipya na mwenyewe anasitasita mwishoni anapotaja jina, niambieni.

Mzee wangu, nimekukosa vibaya. Lala salama, Kaang. Mimi na Shabana tutalala daftari la sita likirudi.