Fundi wa Ubaridi Ashuka Mbaha

Kufungua gereji ya viyoyozi vya magari Mbinga mjini, mahali ambapo watu hunywa chai wakiwa wamevaa makoti mpaka saa nne asubuhi, kunahitaji ama wazimu ama kujiamini. Kunigunda alikuwa na kujiamini, tena kwa kufurika. Alifanya kazi hiyo Dar es Salaam miaka kumi na mitatu, akarudi nyumbani na geji zake, mitungi yake ya gesi na mdomo wake. Waliomcheka kwamba anauza baridi kwa watu wanaotetemeka aliwajibu kwamba magari ya Mbinga hayakai Mbinga; yanashuka ziwani, na kule chini mtu anapikika. Kati ya kiyoyozi kimoja na kingine alimwaga oili na kubadilisha breki kama mafundi wengine. Na mwezi wa sita, baridi inapouma, alifanya linalofanywa na kila mtu huku milimani: alikata kipande cha gunia la kahawa akakifunga mbele ya rejeta ili injini ipate joto upesi asubuhi.

Gari la Mwalimu Vitalis lilifika kwake Jumatano moja ya mwezi wa kumi. Lilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na mwalimu huyo mstaafu aliliosha kila Jumamosi utadhani linakwenda kupokea kipaimara. Mkewe, Mama Asteria, alikaa kiti cha nyuma na hakushuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanasema wewe ndiye unayejua."

"Wanasema kweli," Kunigunda akajibu, bila haya hata kidogo.

Asteria akamweleza. Mama yake alifariki huko Mbaha, kijijini kando ya ziwa, mwezi wa saba. Yeye Asteria ana pumu, na vumbi ni adui yake, kwa hiyo husafiri vioo vimefungwa na AC imewashwa. Siku ya mazishi walishuka vizuri mpaka lami ikaishia ziwani. Walipoingia njia ya vumbi, AC ikaanza kupuliza joto. Walivumilia, wakashindwa, wakafungua vioo, na kifua kikambana hata mwalimu akageuza gari kukimbilia hospitali. Mama yake akazikwa yeye akiwa na barakoa ya oksijeni usoni. Jumamosi hii familia ilikuwa inaweka msalaba kaburini.

"Nisipofika na safari hii," alisema, "sitakuwa na uso wa kwenda tena."

Kunigunda akafungua boneti. Mafundi wawili walikwishalipitia gari hilo. Mmoja aliongeza gesi, mwingine akabadilisha mkanda, na kila mmoja aliwasha AC hapo hapo Mbinga, akapata baridi, akatangaza kwamba limepona. Kunigunda naye akawasha. Baridi safi, geji zinasoma vizuri, kompresa inayosukuma gesi haina kelele. Moyoni aliwacheka wale wenzake kwa raha kabisa. Mtu anapima kiyoyozi mahali penye baridi, kisha anajipongeza kwamba kuna baridi. Huo ni ufundi gani?

"Nani aliligusa kabla ya mwezi wa saba?" akauliza.

"Wewe mwenyewe," Mwalimu akasema. "Ulimwaga oili mwezi wa sita."

"Basi halikuharibikia kwangu. Mwalimu, gari hili haliumwi hapa. Linaumwa kule chini. Ijumaa nashuka nanyi."

Ijumaa saa sita mchana walikuwa wameacha lami, ziwa likiwa kushoto na vumbi likiwafuata nyuma. AC ilitoa baridi kwa dakika ishirini, ikapungua, ikawa joto. Asteria akajifunika pua kwa khanga aliyoilowesha maji.

"Simama hapa, Mwalimu. Usizime injini, na usifungue kioo hata kimoja."

Alishuka haraka, akafungua boneti na kuunga geji. Upande wa presha kubwa mshale ulikuwa umepanda mno. Kompresa ilikuwa imejizima isije ikapasuka. Gesi ipo, basi, ila haipozwi. Feni inazunguka. Akachana ukurasa wa daftari lake akauweka mbele ya grili, maana hewa ikivutwa vizuri karatasi hunata. Karatasi ikaanguka. Akaiokota, akajaribu tena, ikaanguka.

Akalala chali vumbini, akamulika kwa simu nyuma ya bampa. Kipande cha gunia la kahawa, kimeshiba vumbi hadi kufanana na chuma, kilikuwa kimeziba kondensa, ule wavu wa mbele unaopoza gesi ya AC. Kwa hewa ya Mbinga gari liliweza kumudu hivyo hivyo. Huku chini halikuweza. Gunia lilifungwa kwa waya wa kijani, mizunguko mitatu, ncha imekunjwa ndani isimchome mtu. Mbinga nzima kuna fundi mmoja tu anayekunja ncha ndani.

Alibaki pale chini kwa muda. Hakuna aliyemwona. Angeweza kukata waya, akatupa gunia kichakani na kusema ni takataka za barabarani. Wangemshukuru, na sifa zake zingefika Songea kabla ya Jumapili. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuwaka masikioni. Akakata waya. Baada ya dakika chache kompresa ikashika. Akajipangusa vumbi, akaingia nyuma na kuketi kando ya Asteria, gunia likiwa mapajani mwake. Baridi ilikwishaanza kutoka.

"Mama, ni mimi," akasema. "Nilifunga hili mwezi wa sita nikasahau kulifungua. Siku ya mazishi ya mama yako, mimi ndiye niliyekurudisha njiani."

Mwalimu Vitalis akautazama usukani. Asteria akavuta pumzi, akavuta nyingine, zikapita bila kukwama. Akalichukua lile gunia na kuuangalia waya wake.

"Twende," akasema. "Hayo utamwambia mwenyewe."

Kunigunda alidhani ni maneno ya hasira tu. Lakini kesho yake, saruji ikiwa bado mbichi chini ya msalaba na ndugu wakisogea mmoja mmoja kumsalimu marehemu, Asteria alimshika mkono akampeleka mbele. Fundi akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Mimi ni Kunigunda, fundi wa Mbinga. Mwanao alikuwa njiani siku ile. Mimi ndiye niliyemzuia."

Asteria, mkono wake ukiwa begani kwa fundi, akamwitikia kwa niaba ya mama yake.

"Marahaba."