Shingo Tupu

Ejok, hamjambo akina mama. Kabla ya kuugua nilikuwa nauza maziwa hapa Kakuma, shanga zimejaa shingoni mpaka kidevuni, na binti yangu Nakiru akinyonya. Alilipenda sana titi la kushoto. Raha yangu yote ilikuwa hapo.

Hapo hapo nikagusa uvimbe mgumu, mdogo kama punje ya mahindi. Nikadhani maziwa yameganda. Ukakua, ngozi ikabonyea. Sista mmoja mzee, mzungu, nesi wa zahanati, akanipeleka Nairobi kupigwa picha ya matiti. Kule nikaambiwa nivue shanga. Kwetu mwanamke huzivua akifiwa. Nilizivua nikilia.

Sista naye akapigwa picha, kujiangalia tu. Daktari akazitundika mbele ya taa. Yake nyeusi, yangu nyeupe pe!

"Sista," nikacheka, "kumbe ndani mzungu ni mimi!"

Daktari hakucheka. "Mama, wewe bado kijana, tena unanyonyesha. Titi lako limeshikana, ndiyo maana ni jeupe. Mtu akizeeka mafuta huzidi, picha inakuwa nyeusi. Hata kabila na kabila hutofautiana, na ndugu wa nyumba moja pia. Shida ni kwamba uvimbe nao huonekana mweupe. Hapa sioni kitu."

"Mimi nausikia." Nikaushika mkono wake, nikauweka pale.

Akaupapasa. Akachoma sindano, akatoa nyama ikapimwe. Ilikuwa saratani. Titi likakatwa. Nakiru alikuwa Lodwar kwa mama yangu, akinywa maziwa ya mbuzi. Mtoto wa mtu akilia wodini, titi lililobaki linavuja, nami nalia naye. Kisha zikaja dawa za saratani, zikanitapisha, nywele zikaisha.

Nilipofika Lodwar, mama aliona shingo yangu akapiga yowe. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Ni mimi nimerudi."

Nakiru alijificha nyuma ya bibi yake. Hakunijua.

Namshukuru Mungu, namshukuru Sista na yule daktari. Nawaambia, picha ikisema hakuna kitu na kidole chako kinasema kipo, rudi, useme tena.

Mama alinivisha shanga upya. Upande wa kushoto zinalala chini, hazina pa kuegemea. Titi langu bado nalitamani, siwadanganyi. Siku hizi Nakiru akisinzia hutia mkono chini ya shanga, kushoto. Hakuti kitu, lakini mkono hautoi.