Magurudumu ya Mashine ya Kuni

Asubuhi ile niliondoka Konza na mfuko mmoja wa nguo, bila kujua ninakokwenda. Kazi ya kutengeneza ua wa ng'ombe ilikuwa imeisha, na mimi kazi ikiisha miguu huanza kuniwasha. Hata shule niliiacha mapema kwa sababu hiyo. Lori la kwanza lililosimama lilikuwa linaelekea Machakos mjini, basi nami nikaelekea Machakos mjini.

Nilipofika nilijikuta nyuma ya soko, kwenye uwanja wa kuni nilikofanya kazi miaka ya tisini. Hapakuwa na hata kijiti kimoja. Mtu aliuza vifuniko vya simu za mkononi mahali ambapo fundi wangu alikuwa akisimamisha magogo. Mama aliyekuwa akituuzia chai bado alikuwa pale pale, na birika lile lile.

"Wewe bado unazunguka tu?" akaniuliza. Kisha akapunguza sauti. "Yule mzee, fundi wako, alituacha. Tulimzika kwao Kalama, mvua zilizopita."

Nilikaa kwenye benchi lake, nikamuuliza juu ya mashine yetu.

"Iliuzwa huko chini, upande wa Masinga. Sijui kama bado iko na uhai."

Mzee sikuwa na namna ya kumwona tena. Mashine labda.

Ilikuwa mashine ya kupasua kuni, na tuliijenga sisi wawili. Silinda tuliing'oa kwenye tipa la mchanga lililokufa, ile inayosukuma sanduku la lori lipande juu. Injini ilitoka kwenye kinu cha posho. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili ndani ya silinda, fimbo ya chuma inatoka polepole na kulisukuma gogo kwenye kabari iliyosimama upande wa pili. Hakuna kelele ya shoka. Gogo linalia kidogo, kama mlango wa zamani, halafu linafunguka.

Mashine ya kwanza haikumaliza msimu. Kwetu kuni hununuliwa kavu, kwa sababu kavu ni nyepesi mgongoni, basi hata sisi tuliacha magogo ya mkaratusi yakauke ndipo tuyapasue. Mkaratusi mbichi hupasuka kama muhogo, lakini ukikauka ni chuma. Siku moja gogo lenye vifundo lilikataa kufunguka. Fimbo iliendelea kusukuma, na kilichokubali kupinda kilikuwa fremu yetu. Ilijikunja kama upinde mbele ya wateja, na mmoja akauliza kama sasa tutaenda kuwinda swara.

Mara ya pili fundi alitumia vipande viwili vya reli, akavichomelea mgongo kwa mgongo. Kwenye bamba la kusukumia akaweka meno matatu ya kushika gogo lisiteleze. Kila kipande cha kuni kilichotoka kwetu kilikuwa na alama tatu upande mmoja, kama unyayo wa kuku.

"Fundi, hii ni mashine ama ni daraja?" watu walimtania.

"Nyinyi cheka tu. Itawazika."

Jioni hakuondoka kabla hajairudisha fimbo yote ndani na kuifunika kwa gunia. Alisema vumbi la Machakos ni msasa. Fimbo ikilala nje, vumbi linaishika, asubuhi linaingia nayo na kukata sili, ile pete ya mpira inayozuia oili. "Mashine ilale ikiwa imemeza ulimi," ndivyo alivyosema, na hata alipokuwa mgonjwa alituma mtu aje kuangalia.

Tulikosana juu ya jambo moja tu. Yeye alitaka kuizika miguu ya mashine kwenye zege. Mimi nilitaka magurudumu. Nilimwambia huko Kalama watu wana magogo mashambani na hawana jinsi ya kuyaleta mjini, basi mashine iyafuate.

"Mashine inayotembea hufia njiani," akasema. "Kila shimo linalegeza kitu."

"Na inayokaa?"

"Inayokaa inajulikana. Wewe ungezaliwa gari, wangesahau kukuwekea breki."

Zege ilimwagwa. Muda si mrefu nikaondoka, bila ugomvi, jinsi ninavyoondoka kila mahali. Nimefanya kazi sehemu nyingi tangu siku zile, na kila niliponusa mkaratusi mbichi, nilitamani kusimama tena kando ya yule mzee mrefu, mkono wake kwenye kishikio, tukisubiri gogo lilie.

Mchana huo nikapata lori la kreti za soda lililokuwa likishuka Masinga. Dereva aliniuliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia naenda kuangalia mashine. Akanitazama, akaongeza redio.

Alinishusha kwenye kituo kidogo cha soko karibu na bwawa. Palikuwa na hoteli ya mabati iliyokaanga samaki, na kando yake rundo la kuni lililopangwa vizuri. Nilipita, nikasimama, nikarudi. Niliinua kipande kimoja, nikakigeuza. Unyayo wa kuku. Nikainua kingine.

"Wĩ mũseo," sauti ya mwanamke ilinisalimu kutoka mlangoni. "Unanunua ama unasoma? Naona unafungua kuni zangu kama gazeti."

"Mama, hizi zilipasuliwa wapi?"

Alikuwa mwenye hoteli, mtu mzima, mikono imejaa unga. Alinipeleka nyuma bila haraka. Chini ya paa la mabati, reli zile mbili zilikuwa zimelala mgongo kwa mgongo, zimenyooka. Nilipitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea. Haukuwa na ufa hata mmoja.

Ndipo nilipotazama chini. Chini ya reli kulikuwa na ekseli ya mkokoteni wa punda na magurudumu mawili.

"Nani aliweka haya?"

"Mzee mwenyewe. Alivunja zege akaanza kuzunguka na mashine, Kalama, Yatta, akipasulia watu kuni mashambani. Hapa alikaa kwetu msimu mzima, halafu kikundi chetu cha akina mama tukainunua. Nilimwuliza, mzee, kitu nzito hivi iko na magurudumu ya nini? Akasema kuna kijana alimsumbua masikio."

Niliinama nikajifanya naangalia matairi. Yalikuwa yameisha upepo, na jiwe lilikuwa limewekwa mbele ya moja ili mashine isisogee. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya spoki.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa. Sili ndiyo inavuja kidogo."

Jua lilikuwa linashuka. Mama aliwasha injini, akavuta kishikio, na fimbo ikarudi ndani taratibu hadi mwisho. Akazima, akachukua gunia kwenye msumari, akaifunika. Sikuwa nimemwambia.

Nilipouliza mahali pa kulala, alinifungulia chumba kilichopakana na stoo ya mkaa. Kulikuwa na kitanda cha mbao na dirisha lililotazama mashine.

"Ni hicho hicho alicholalia mzee," akasema. "Kifupi. Kila asubuhi alikuwa analaumu miguu. Wewe utakaa siku ngapi?"

"Hiyo sili lazima ibadilishwe, mama. Na matairi yanataka upepo."

"Nimeuliza siku, sijauliza sili. Na hayo matairi uyaache hivyo."

Nikaweka mfuko wangu chini ya kitanda.