Kumi na Mbili za Mama Constance

Mwalimu wa hesabu wa sekondari yetu alipohamia Hombo, Mama Constance alilitaka darasa lake, na hakulitaka kwa kunong'ona. Miaka tisa alikuwa amefundisha shule ya msingi hapa Kibabi, Jumamosi akiuza maharagwe sokoni. Mimi nafundisha Kifaransa sekondari, na nasema wazi kwamba nilikuwa upande wake. Papa Léonard, préfet wetu, yaani mkuu wa shule, hakuwa na haraka ya kumpa mtu chaki.

Siku ya kuamua, préfet alimwaga maharagwe kumi mezani. Akauliza: yanaweza kupangwa mafungu kwa njia ngapi, bila kujali fungu lipi limetangulia? Constance aliyapanga na kuyavunja, akiandika kila njia, kisha akasema kumi na mbili. Préfet akageuza simu yake. Tovuti aliyoifungua tangu asubuhi, ile inayokokotoa migawanyo ya namba yoyote unayoiandika, ilisema arobaini na mbili.

Alifurahi mno, mzee yule, na mimi nilikasirika. Alisema thelathini zimepotea, na darasa la mitihani si mahali pa kupoteza.

Constance hakutikisika. Aliomba simu, akaandika namba ndogo, nne, apate kuziona njia zote. Tovuti ilitoa njia tano: nne pamoja; tatu na moja; mbili na mbili; mbili, moja na moja; na zote moja moja. Hapo akacheka.

"Papa Préfet, mwenye aliandika hii hajauzishaka maharagi hata siku moja. Haragi moja haiko fungu. Ukiiweka pekee yake kwa soko, watu watakucheka."

Ni kweli. Kwetu punje iliyobaki peke yake inarudi guniani, kwa hiyo yeye alihesabu mafungu ya kuanzia punje mbili. Préfet akasema swali ni la namba, si la soko. Constance hakubishana, alianza kutenga. Punje moja ikikaa pekee, tisa zilizobaki zinapangwa kisoko kwa njia nane. Zikikaa pekee mbili, nane zinapangwa kwa njia saba. Akashuka hivyo mpaka punje zote zikawa zimetengwa. Ubaoni akajumlisha hizo pamoja na kumi na mbili zake za kwanza, akapata arobaini na mbili.

"Sikukosa, Papa," alisema. "Nilikuwa sijamaliza tu."

Préfet akaongeza punje ya kumi na moja na kuandika namba hiyo kwenye simu. Mtandao ukakwama, kawaida yake mawingu yakishuka. Constance hakuungoja. Kisoko, alipata njia kumi na nne. Na ukitenga moja, alieleza, zinabaki kumi zilezile na arobaini na mbili zake. Jumla, hamsini na sita.

Préfet aliitazama simu, akamtazama yeye, kisha akavuta ratiba ya masomo na kuandika jina lake. Simu iliposema hamsini na sita, wino ulikuwa umekauka.