Bucumi na Maharage Yaliyokatazwa Huruma

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Manyunyu yanaiangukia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, na upepo ni wa baridi. Ndani ya banda la nailoni pembezoni mwa makazi, Bucumi Nshimirimana, mkimbizi kutoka Burundi, anamwagilia maharage kwa kikombe chenye mstari. Kila chungu hupata kikombe kimoja, wala tone zaidi.

Vyungu vya kushoto vimesitawi. Vya kulia, vyenye alama nyekundu, vimedumaa na majani yake ni ya manjano. Bucumi anavipita akitazama kando, kama mtu aliyekula bila kumkaribisha mgeni.

“Mi siyaangalii,” anasema. “Nikiangalia, roho inaniuma.”

Leo ni siku ya kupima. Mtafiti, Dk. Takondwa Nkhoma, anakuja kutoka maabara moja ya Lilongwe, na akishaondoka Bucumi atajua kama bado ana kazi. Zamani alibeba magunia ya mahindi katika mji wa Mponela, na siku nyingine alirudi mikono mitupu. Ujira wa bandani ndio unaomlisha mkewe, Charlène, na watoto wanne.

Kilichoiponza kazi hiyo ni neno. Oktoba iliyopita Dk. Nkhoma alimweleza kwa Kichewa kwamba atasimamia ekspirimenti. Bucumi, aliyesoma kwa Kifaransa, alisikia expérience. Kiswahili sanifu hutenga jaribio na uzoefu. Kifaransa hulibebesha neno moja mizigo yote miwili.

“Nikamwambia, expérience ya maharage? Mi niko nayo tangu mtoto. Kwetu Ngozi, mutu asiyejua maharage ni mgeni.”

Maagizo yalikuwa mepesi. Vyungu vyote vipate udongo, maji na jua sawa. Vya kushoto peke yake vitiwe vijidudu wanaokaa mizizini na kuilisha mimea. Tofauti iwe moja tu, ili matokeo yakionekana ijulikane yametoka wapi. Bucumi aliitikia kwa kichwa.

Vyungu vya kulia vilipoanza kugeuka manjano, uzoefu wake ulimshinda. Alivundika samadi ya mbuzi ndani ya maji na kuvinywesha kila jioni. Kufikia Desemba banda zima lilikuwa kijani.

Dk. Nkhoma alipong'oa mimea ya kulia, aliikuta haina vinundu vya vijidudu mizizini, ilhali majani yamenawiri. Akainama, akanusa chungu.

“Bwana Bucumi, hapa amepita mbuzi?”

“Mbuzi hapana, dokta. Ni mimi. Nilisaidia. Ile ingine ilikuwa nakufa.”

“Hao ni mashahidi wangu. Wakikonda, najua kilichowanenepesha wenzao. Wewe umewahonga kwa chakula.”

Kazi ya miezi miwili ikatupwa. Kosa lilikuwa la Bucumi, na huruma haikulifuta. Hata hivyo, haki inataka isemwe kwamba maelezo hayo ya mashahidi yalipaswa kutolewa Oktoba.

Mtafiti alimpa nafasi moja, ya mwisho, ya kupanda upya. Bucumi, badala ya kushukuru na kunyamaza, akatoa sharti: siku ya kupima ikiisha, aachiwe vyungu vinne vya kulia avilishe apendavyo.

“Nimekubali,” alisema Dk. Nkhoma. “Hilo ni deni langu.”

Nyumbani hakupata faraja. Jirani yake Asumani, muuza sabuni kutoka Kindu, Kongo, alimtangaza njiani kwa jina la mwanawe: “Muone Papa Irakiza. Bantu banalipwa kwa kulisha. Yeye analipwa kwa kuangalia njaa.”

Charlène, mwimbaji wa kwaya, alitaka kuyaombea yale ya manjano. Bucumi alimpelekea mtafiti swali hilo, akarudi na jibu: aombee vyungu vyote sawasawa, au asiombee kimoja.

“Maombi ya kugawa kama unga wa msaada?” Charlène aliuliza. “Basi na Mungu tumuweke mu laini.” Hata hivyo aliyaombea yote, na kwa sauti moja, anasisitiza.

Saa tatu asubuhi Dk. Nkhoma anawasili, viatu vimejaa matope. Anang'oa, anaosha mizizi, anapima. Mimea ya kushoto imebeba vinundu kama shanga. Ya kulia mizizi ni mitupu, na uzito wake ni pungufu hata kwa jicho. Bucumi amesimama mlangoni, kofia mkononi.

“Safari hii hakuna aliyehongwa,” anasema mtafiti. “Aprili tunarudia.”

“Kwa nini kurudia? Si imekubali?”

“Ikikubali mara moja, pengine ni bahati. Nakuhitaji Aprili.”

Bucumi anavaa kofia yake. Mvua za mwakani, anasema, atapanda nyuma ya nyumba mistari miwili, mmoja na vijidudu na mwingine bila, Asumani aje aone mwenyewe. Anakiri kwamba ule wa pili utampa taabu.

Dk. Nkhoma ameacha vyungu vinne mezani bila kuving'oa. Anavisukuma mbele.

“Deni langu hili.”

“Zikomo, dokta,” anamshukuru kwa Kichewa.

Bucumi anavibeba viwili viwili hadi nje, anafungua ndoo ya samadi na kuvinywesha bila kikombe.