Mlango wa Bwawa

Nyumba yangu ya Mpanda, iliyoko njia ya kwenda Magamba, ina bwawa la kuogelea. Nalitaja mapema kwa sababu nililijenga ili litajwe. Mwenyewe sijui kuogelea; nimekulia Inyonga kwenye mizinga ya nyuki, na maisha yangu yote nimeoga kwa ndoo. Ila niliwahi kuliona bwawa Dar es Salaam, nyumbani kwa bosi wangu, na nilipostaafu nikasema na mimi watanikoma.

Nikarudi kuishi Inyonga, nyumba nikampangisha mama mmoja muuguzi, mwenye binti aliyekuwa anaanza kutembea. Siku ya kuangalia nyumba alipita vyumbani haraka haraka, akaenda kusimama kwenye bwawa. Lilikuwa na ukuta pande zote, isipokuwa uwazi mmoja wa kuingilia, kutokea uani.

“Baba, hapa patawekwa geti?”

“Wiki hii hii, mama. Usiwe na wasiwasi.”

Geti lilikuwepo, fundi alishalichomelea. Lakini lilikuwa la nondo tupu, nami nikalikataa. Nilitaka lenye twiga wawili waliopishanisha shingo. Fundi akasema twiga watachukua muda, nikamwambia asiwe na haraka. Wakati huo huo nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu: HATARI! USIINGIE BILA RUHUSA YA MWENYE NYUMBA. Nikarudi nyuma hatua chache, nikasoma, nikaridhika. Mimi na mtoto asiyejua hata kutamka maji tukawa tumeshaelewana.

Mama yule alipiga simu mara ya kwanza wakati wa kiangazi. Nikamjibu kwamba humo hamna maji. Mvua zilipoanza akapiga tena.

“Baba, maji yamenifika magotini.”

“Vumilia, mama. Twiga wamebakiza masikio tu.”

Nilicheka baada ya kukata simu. Nilijiona mtu wa utani.

Halafu jirani akanipasha habari kwamba mpangaji wangu ameng'oa mlango wa chumba. Hasira zikanipanda, nikadandia basi la asubuhi. Nilianza kufoka tangu barabarani, makusudi, ili watu wasikie.

“Nyie wapangaji mna nini? Mtu unapewa nyumba nzuri, unaibomoa!”

Akatoka na mtoto mgongoni. “Shikamoo, baba.”

Sikuitikia. Nilichungulia ndani, nikaona chumba chao cha kulala kimezibwa kwa kitenge.

“Mlango wangu uko wapi?”

Akaelekea uani, nami nyuma yake nikiendelea kufoka, majirani nyuma yangu. Mlango ulikuwa pale kwenye uwazi wa bwawa, umefungwa kwa waya kwenye nguzo mbili zilizochimbiwa chini, komeo limewekwa juu kabisa. Nyuma yake maji yalikuwa ya kijani, na yalishapita kimo cha mtoto.

Akamshusha binti. Mtoto akaenda moja kwa moja, akausukuma mlango kwa viganja viwili. Haukusogea. Akausukuma tena, akakaa chini akilia kwa hasira. Nilitamani ardhi ipasuke.

“Unisamehe, baba,” mama yule akasema. “Niling'oa bila kukuomba. Juzi nilimkuta amekaa pale ukingoni, miguu ndani ya maji.”

Nilipaswa kupiga magoti. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mdomo wangu ulishazoea kuwa wa mwenye nyumba.

“Haya,” nikasema. “Nimekusamehe.”

“Asante, baba.”

Geti la nondo tupu lilifungwa siku ile ile. Fundi hakuwa amelitupa. Mlango ukarudi chumbani, na wale twiga sitaki hata kuwasikia. Mama yule bado ni mpangaji wangu na hunisalimia vizuri kila ninapokwenda. Nami huitikia upesi, nikiangalia chini, kwa sababu shikamoo yake ya siku ile sijaiitikia mpaka leo.